Mgeni wa Delta na Mti Uliopindwa: Mwongozo kwa Asiyejua

Karibu, mgeni. Umepanda gari Mbagala Rangi Tatu, umepata siti ya dirishani, mapajani una korosho ulizouziwa bei ya wageni, na unadhani hatari kubwa iliyo mbele yako ni mamba. Watu wa Rufiji wana hesabu ndefu na mamba. Wanajua saa ya kutoteka maji na mahali pa kutooga. Mamba hana siri. Kitu ambacho hakuna aliyekuandaa nacho ni naitrojeni.

Najua unacheka. Shuleni ulifundishwa kwamba naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa, haina rangi, haina harufu, haiwaki wala haiwashi. Mfaransa Lavoisier aliiita azote, yaani isiyo na uhai, kwa kuwa mnyama aliyefungiwa ndani yake hufa na mshumaa huzimika. Ukaandika kwenye daftari, ukapata alama, ukasahau. Mwalimu hakukosea. Alikuacha tu njiani, kama kondakta anayekwambia shuka hapa, mbele ni karibu, kumbe hiyo karibu ni kilomita nane. Mwongozo huu unakuchukua hapo alipokushusha.

Kanuni ya 1. Jifunze kwanza mtego wa kanga.

Mtoto wa kijijini anayetaka kanga hanunui kitu. Anatafuta mti mchanga, mgumu, unaonepa. Anaupinda mpaka ncha iguse ardhi, anafunga kamba yenye kitanzi, halafu anauzuia kwa kijiti kidogo kilichonaswa kwenye kijiti kingine. Anamwaga punje za mahindi, anakwenda zake. Mti ule hauna ugomvi na kanga. Unataka kusimama, basi. Kanga akidonoa punje isiyofaa, kijiti kinachomoka, mti unarudi ulikotoka, na kanga anaondoka nao kwa shingo.

Sasa itazame naitrojeni ya hewani. Atomu zake hutembea mbili mbili, zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kuzitenganisha hugharimu kilojuli 945 kwa kila moli, karibu mara mbili ya gharama ya kutenganisha atomu mbili za oksijeni. Huo ndio mti uliosimama. Mkemia akizitenganisha, akaifunga moja na kaboni, nyingine na oksijeni, au, Mungu apishe mbali, akaifunga naitrojeni kwa naitrojeni mwenzake kwa uzi mmoja badala ya kamba tatu, hapo amepinda mti. Kila utakachosikia kikiitwa baruti katika safari hii, tangu ya mzinga mpaka ya mvuvi, ni mti uliopindwa na kijiti kinachouzuia. Wajinga huuliza mti umepindwa kiasi gani. Wewe uliza kijiti kikoje, na kina umri gani.

Wageni wengi huteleza hapa kwa sababu wanapenda asilimia. Urea, mbolea ile nyeupe inayouzwa kila mahali, ina naitrojeni asilimia 46. TNT, ambayo ni baruti, ina asilimia 18 na nusu. Kwa hesabu hiyo ungelala mbali na mfuko wa urea na kuifanya TNT mto wa kichwa. Lakini naitrojeni ya urea imekwishatulia kama mzee wa barazani, haina pa kurukia. Ya TNT imebebeshwa oksijeni mgongoni, na kaboni ya kuungua imo ndani ya molekuli hiyo hiyo. Kuni na hewa vimefungwa mzigo mmoja.

Wala usihesabu nishati. Gramu moja ya mafuta ya nazi ina nishati mara 8 hivi ya gramu moja ya TNT, na hakuna mama lishe aliyewahi kulipua mji wa Kibiti kwa kukaanga kamba. Tofauti ni haraka. Mafuta huungua yakisubiri hewa iyafikie. TNT haimsubiri mtu. Wimbi la mlipuko hupita ndani yake kwa kasi ya karibu mita 6,900 kwa sekunde. Daraja la Mkapa, kule baada ya Ikwiriri, lina urefu wa mita 970. Wewe utalivuka ukipiga picha za mto. Wimbi hilo lingelimaliza kwa sehemu moja ya saba ya sekunde.

Kanuni ya 2. Vijiti vilegevu waachie wenye bima.

Kuna watu ambao kazi yao ni kupinda mti mpaka ulie. Kule München, Ujerumani, kundi la mkemia Thomas Klapötke lilitengeneza kitu chenye atomu 2 za kaboni na 14 za naitrojeni. Asilimia 89 ya uzito wake ni naitrojeni. Kililipuka kikiguswa, kililipuka kikisuguliwa, kililipuka hata walipotaka kukipima tu. Zamani za karne ya kumi na tisa, Mfaransa Dulong alipoteza jicho na vidole kwa naitrojeni trikloridi. Mwingereza Humphry Davy akasikia habari hizo, na badala ya kukaa mbali akaijaribu mwenyewe mwaka 1812. Vioo vikamwingia jichoni. Naitrojeni triayodidi nayo hulipuka kwa kupapaswa na unyoya. Kanga mzima wa nini.

Hivi hutavikuta Kibiti, na sababu ni barabara. Kitu cha namna hiyo kisingevuka tuta la kwanza la Mkuranga. Baruti inayofaa kwa vita au kwa kazi lazima ivumilie kubebwa, kuangushwa, kupangwa na kupanguliwa na watu wenye usingizi. Kwa hiyo zilizotufikia sisi ni zile zenye subira, na subira hiyo ndiyo ubaya wake.

Kanuni ya 3 mpaka ya 6 ziliandikwa na mwenzetu aliyependa kugonga alichookota ili asikie kama ni shaba. Hatukuzipata.

Kanuni ya 7. Kabla gari halijaondoka, tazama nyuma.

Hapa Mbagala hatutanii. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la kambi ya jeshi lililipuka, makombora yakaruka juu ya nyumba, watu zaidi ya 20 wakafa. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto, na idadi ya waliokufa ikapita 20 tena. Waliokuwa wakubwa siku hizo wanakumbuka watoto waliopotezana na mama zao wakikimbia, na mabaki yaliyookotwa uani asubuhi yake. Abiria mwenzako akinyamaza gari linapopita maeneo hayo, usimuulize kulikoni.

Kuhusu baruti kuukuu, jua hili. Baruti ya kusukumia risasi na makombora, hii isiyo na moshi mwingi, asili yake ni pamba iliyofungwa naitrojeni na oksijeni, aliyoigundua Christian Schönbein miaka ya 1840. Tatizo lake ni kwamba kijiti chake huoza chenyewe. Polepole hutoa hewa chafu za naitrojeni, na hewa hizo hurudi kuitafuna baruti ile ile, joto likapanda, utafunaji ukazidi. Watengenezaji huweka mlinzi ndani yake, kemikali inayozimeza hewa hizo zinapotoka. Lakini mlinzi ana tumbo, na tumbo hujaa. Wafaransa walijifunza hayo Toulon tarehe 25 Septemba 1911, manowari yao Liberté ilipolipuka ikiwa imetia nanga, bila adui, bila vita, kwa baruti iliyochoka. Walikufa watu 300 hivi.

Na wewe uliyejiona mjanja ukakodi gari dogo badala ya basi, mbele ya kifua chako, ndani ya usukani au dashibodi, kuna mfuko wa hewa. Mifuko ya kale ilijazwa na sodiamu azaidi, naitrojeni tatu zilizopangwa foleni, na gesi inayoujaza mfuko ni naitrojeni safi iliyorudi kwao. Kazi nzuri kabisa. Kisha kampuni ya Takata ya Japani ikahamia kwenye amonia naitreti, na ikaonekana kwamba miaka mingi ya joto na unyevu huiharibu, ikawaka kwa fujo na kurusha vipande vya chuma kwa mtu iliyetakiwa kumlinda. Magari ya mamilioni ya watu yakarudishwa gereji duniani kote; Takata ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevu, mgeni. Ukifika Kibiti, vuta pumzi uniambie umevuta nini.

Kanuni ya 8. Dukani uliza kwa heshima.

Ukifika Kibiti mjini, ingia duka la pembejeo. Mifuko imepangwa mpaka darini, paka amelala juu ya mfuko wa mbolea ya DAP. Usikimbie. Urea tumekwisha kuisema. Mbolea ya CAN ina amonia naitreti, lakini imechanganywa na chokaa kusudi itulie. Amonia naitreti tupu ndiyo ya kuiamkia shikamoo: ni mbolea kwa mkulima, ni baruti kwa mpasua miamba, na yenyewe haijui ni ipi.

Wajerumani walikuwa na rundo kubwa la mbolea ya jamaa hiyo kule Oppau, kiwanda kile kile ambako mwaka 1913 kazi ya Fritz Haber na Carl Bosch ya kuikamata naitrojeni ya hewani ilianza kwa ukubwa wa kiwanda. Mbolea ikagandamana kama sukari iliyonyeshewa. Ili kuilegeza, wafanyakazi wakawa wanatia vipande vya baruti ndani ya rundo na kuvilipua. Ndiyo, mgeni, umesoma sawasawa. Walifanya hivyo maelfu ya mara na hapakuwa na neno. Tarehe 21 Septemba 1921 pakawa na neno, na zaidi ya watu 500 hawakuonekana tena. Ukisikia mtu anasema mbona siku zote tunafanya hivi, ukumbuke mji huo. Beirut haikuhitaji hata baruti ya kulegezea. Tani 2,750 zilikaa bandarini miaka 6 zikisubiri karatasi, hadi zilipolipuka tarehe 4 Agosti 2020.

Ukitaka kuona kazi ya naitrojeni iliyofanywa kwa adabu, toka dukani, nenda shambani, ng'oa mche wa kunde. Usikate, ng'oa, na udongo wake. Kwenye mizizi utaona vifundo vidogo kama punje za mtama. Kipasue kimoja kwa ukucha: ndani ni chekundu kama nyama. Humo bakteria wanavunja zile kamba tatu, kimya kimya, kwa joto la kawaida la udongo, kazi ambayo kiwanda cha Haber na Bosch huifanya kwa nyuzi 400 na zaidi na mgandamizo wa mara mamia ya ule wa hewa. Warufiji walizoea pia kulima mlao, yaani kufuata maji ya mafuriko yanaporudi mtoni na kupanda kwenye tope jipya yaliloliacha. Sasa bwawa la Julius Nyerere limekaa huko juu na linazuia sehemu ya tope hilo. Mifuko ya dukani ndiyo inayoziba pengo. Umeme tumepata, sikatai. Nasema tu hesabu ya tope haijafungwa.

Kanuni ya 9. Mbonyeze samaki mgongoni.

Nyamisati ndipo unapopandia boti za Mafia na za vijiji vya Delta ya Rufiji. Ukifika mapema utawakuta akina mama wa samaki, na mmoja wao, mkubwa kuliko wote, hatazami samaki machoni. Anambonyeza. Dole gumba linaanza nyuma ya kichwa, linateremka pembeni mwa uti wa mgongo, polepole, kama anayetafuta shilingi ndani ya pindo la khanga. Nilimwona akimrudisha changu mzuri tu, mng'avu, macho maangavu.

"Huyu kapigwa," akasema.

"Umejuaje, mama?"

"Mfupa umekatika, mwanangu. Na nyama imelegea kama ya juzi, wakati kavuliwa alfajiri hii."

Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni cha kuwafanya waelee. Mgandamizo wa mlipuko majini unapowapitia, maji hayasinyai, lakini kibofu chenye hewa husinyaa na kupasuka, mishipa ya damu inachanika, uti unavunjika. Aliyepasuka kibofu mara nyingi haelei, anazama. Kwa hiyo jamaa wa baruti huokota wachache, na waliobaki huoza chini juu ya matumbawe yaliyosagwa. Kwa mtu aliyetumia naitrojeni, ni uchumi wa ajabu: unaua kumi ili ule wawili, na nyumba ya samaki unaibomoa papo hapo. Watafiti waliokokota vinasa sauti chini ya maji pwani ya Tanzania mwaka 2015, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, walinasa milipuko zaidi ya 300. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaukataza uvuvi wa baruti waziwazi, na tangu miaka ile mikono ya dola imewabana sana wenye nao. Lakini sheria ya kwanza ilikuwa kijiti. Baruti ya kienyeji haina mlinzi, haina kipimo, na tambi yake hukatwa kwa kukisia. Ukimkuta mzee wa pwani anayefunga mshipi kwa mkono mmoja na meno, usiulize. Mwambie shikamoo, mpe nafasi kwenye benchi.

Kanuni ya 10. Salale hakuna cha kuona, na ndicho unachokwenda kukiona.

Kutoka Nyamisati boti inapita kati ya mikoko, mkandaa huku, mchu kule, mililana imejitia maji ya shingo, na baada ya saa kadhaa nahodha anaonyesha kwa kidevu: pale. Unaona maji ya rangi ya chai ya maziwa. Chini yake, topeni, imelala manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, ambayo watu wa pwani waliiita manowari na bomba tatu.

Ilikuja Dar es Salaam mwaka 1914 chini ya kamanda Max Looff. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliingia Zanzibar, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Kisha yenyewe ikapata hitilafu ya mitambo, ikajificha katika Delta, ambako mitumbwi hupita na meli kubwa hukwama. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Wakafunga milango ya mto, wakazamisha meli ya makaa Newbridge katika mkondo mmoja ili isitoke, wakaleta ndege za maji ambazo gundi yake ilikuwa ikiachia kwa joto. Miezi minane manowari moja ikakalisha kundi zima la meli mlangoni, kama paka mmoja mwenye panya na wenye nyumba wote wameshika fagio.

Mwisho zikaletwa Severn na Mersey, meli zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, zenye kina kifupi, zikakokotwa kutoka Malta. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni na kurusha makombora zaidi ya 600. Machache tu yaligonga. Rudi nyumbani usiku, mgeni, ujiulize yale mengine yalikwenda wapi. Tarehe 11 Julai zikarudi, ndege ikielekeza kwa simu ya upepo, na safari hii zikapata. Looff akaamuru meli yake ilipuliwe kwa vichwa vya topido.

Makombora ya Kiingereza ya enzi zile mengi yalijazwa asidi pikriki, waliyoiita liditi. Historia yake ni ya kuchekesha mpaka uishike: kwa miaka mingi ilikuwa rangi ya kutia hariri manjano, na mafundi rangi waliichovya kwa mikono bila kujua wamechovya nini. TNT nayo ilizaliwa mwaka 1863 ikitafutwa rangi ya manjano. Ilichukua miaka mingi kabla ya mtu kugundua kwamba hulipuka, maana kijiti chake ni kigumu hata nyundo haikitoshi. Pikriki ni tofauti. Ikikutana na metali, hutengeneza chumvi zenye kijiti chepesi zaidi ya chake. Ndiyo maana makombora yake yalipakwa rangi ya kuzuia kwa ndani. Rangi hiyo sasa ina miaka zaidi ya 110 katika maji ya chumvi.

Naitrojeni ya upande wa Wajerumani iliendelea kutembea. Mizinga 10 ya Königsberg ilitolewa, ikakokotwa na wapagazi mpaka Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu, ikapigana nchi kavu mpaka ilipoishiwa makombora. Mmoja unauona leo Fort Jesus, Mombasa, watoto wakiupanda. Na meli Rubens iliyotumwa kuiletea Königsberg makaa na silaha ilikimbizwa, ikazamishwa katika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915. Shehena ikaopolewa. Risasi zimelowa. Basi watu wakakaa chini wakazifumua moja moja, wakaianika baruti juani kama mtu anavyoanika dagaa, wakazifunga upya. Sijasoma popote kwamba waliokuwa wakiianika waliambiwa habari ya kijiti.

Mwaka 1924 aliyekuwa kamanda wa Pegasus alinunua haki ya kuchukua vyuma vya meli iliyomzamishia yake, kwa pauni 200. Waliomfuata waliendelea kuchuna mpaka miaka ya 1960, mabaki yakazama topeni. Tope la Delta halina oksijeni, linahifadhi vizuri. TNT hailiwi na chumvi wala haiozi kama mbao. Ypres, Ubelgiji, mwezi Machi 2014, kombora la vita hivyo hivyo liliua wajenzi wawili waliokuwa wakifanya kazi zao za kila siku.

Kanuni ya mwisho. Chagua utakayekaa naye.

Kutoka Salale tulirudi na maji ya kupwa. Nahodha alikisia vibaya, boti ikakaa juu ya tope mdomoni mwa kijito, tukawa watu saba tunaosubiri bahari iturudie. Kijana aliyepandia Salale alikuwa na gunia la vyuma chakavu katikati ya miguu. Vipande vya injini, rimu ya pikipiki, na kitu kimoja kirefu kama chupa ya chai, kimevaa chaza na kutu, kitako chake kina mng'ao wa njano. Akatoa spana, akakigonga.

Ngo.

"Shikamoo, mzee. Hebu sikiliza. Si shaba hii?"

"Marahaba. Acha kugonga, mwanangu."

"Hakina kitu, mzee. Kimekaa majini tangu Mjerumani. Kingekuwa kibaya kingekwishalipuka."

Nilipima urefu wa boti kwa macho. Hatua nane, na mbele yangu mama mwenye mtoto mgongoni. Nje, tope la kiunoni. Nikamuuliza kama aliwahi kutega kanga. Akaniangalia kama niliyemuuliza kama aliwahi kula. Nikamwelezea mti, na kijiti, kwa kifupi kuliko nilivyokueleza wewe, kwa sababu spana ilikuwa bado mkononi mwake.

Akanyamaza. Akaiweka spana chini, kwa utaratibu.

"Sasa mzee," akasema, "mtego uliosahauliwa msimu mzima ndio unaokata mtu kidole. Kijiti kimeoza, hata aliyeutega hajui tena utachomokea wapi."

Nahodha, ambaye alikuwa amelala, akafumbua jicho moja. "Na wewe umeuleta botini kwangu."

Maji yalirudi baada ya saa mbili na nusu. Hakuna aliyeimba. Nyamisati, mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa na mzani wake unaning'inia kwenye mti, akamwaga gunia, akachagua rimu, akachagua vipande vya injini, akaona kile cha njano akarudi nyuma hatua tatu.

"Hiki hakipimwi kwa kilo," akasema. "Hiki ni kesi."

Walikibeba kwa mikono minne kama maiti ya mtoto, wakakilaza chini ya mwembe mbali na nyumba. Mwenyekiti wa kijiji akazungusha kamba ya manila, akapiga simu polisi, polisi wakasema wanawatafuta wanajeshi wenye ujuzi, wasikisogelee. Watu wakarudi nyuma, tukasimama mbali kwenye kivuli cha banda la samaki, kijana katikati yetu ameshika spana yake. Hapo ndipo alipotokea mbuzi. Akapita chini ya kamba bila kuinama, akanusa, akageuka, akaanza kujikuna ubavu kwenye ile ncha yenye chaza, taratibu, kwa raha zake, amefumba macho.